Mkuu wa Chumba cha Kuvu

Jumatatu, 4 Machi

Siku kubwa! Leo saa ya chai Profesa Atajan ametangaza. Chuo kimempa chumba kizima kwa ajili ya kuvu wake, kile cha mwisho wa ujia chenye madirisha mawili, na chumba kinataka mkuu. Mkuu atatoka kati yetu wawili. Mimi, Matnazar, mwalimu msaidizi, mtu mzima mwenye mke na binti, Oygul. Au Bikajon, aliyekuja juzi tu kutoka mashambani na anayekunywa chai kwenye chupa ya achari.

Masharti ni rahisi. Kila mmoja atapanda miche ya matikiti kwenye vyungu, udongo uleule, kuvu walewale. Katikati ya Aprili Profesa ataikata mizizi na kuitazama kwa hadubini. Ambaye mizizi yake imekaribisha kuvu wengi zaidi, chumba ni chake. Mwingine mkataba wake utaisha Mei na hautaongezwa. Hilo la mwisho Profesa alilisema akiangalia nje ya dirisha.

Kwangu mimi kukosa maana yake ni tanuri la matofali la shemeji. Nafasi ipo, alishaniambia. Alishanipimia hata glavu!

Lakini sina wasiwasi. Nani pale chuoni anayeijua habari ya kuvu na mzizi kunishinda mimi? Miaka yote naichora ubaoni kwa chaki za rangi. Kuvu anabisha hodi kwenye seli ya mzizi. Seli haimfukuzi. Kiini chake kinasogea mpaka pale mlangoni, kisha kinatangulia mbele, na nyuma yake seli inamchongea mgeni njia ya kupita. Akifika seli za ndani anajitandaza kama mti mdogo wenye matawi mengi, na seli nzima inajipanga upya kwa ajili yake. Kiini kinahama. Mfuko wa maji unabanwa pembeni. Utando unanyooka na kulifunika kila tawi. Yeye huleta fosfori kutoka mbali udongoni, na mmea humlipa sukari na mafuta. Wanafunzi hupiga makofi nikimaliza kuchora. Baadhi yao.

Bikajon alinifuata kwenye ujia. Eti kaka Matnazar, kwani lazima tugombane? Twende kwa Profesa tumwombe tushirikiane, yeye aangalie vyungu, mimi nichore na kufundisha, chumba tugawane. Nikamshukuru kwa upole. Nikamwambia ushindani huchangamsha damu. Maskini, anaogopa.

Nimemwambia mke wangu Intizor kwamba nafasi ni kama yangu tayari.

Jumatano, 6 Machi

Intizor kamwambia mama yake. Njiani yale maneno "ni kama" yamedondoka. Asubuhi hii jirani yangu Sapar amenishika mkono kwa mikono yake miwili na kuniita Mkuu. Muuza mikate naye kaniita Mkuu, na mkate kaniongezea.

Ningeweza kuwasahihisha. Kinywa nilikifungua kabisa. Lakini mtu akikupa heshima yake asubuhi na mapema, kumrudishia ni utovu wa adabu.

Tumepanda miche. Vyungu vyangu viko upande wa kulia wa nyumba ya vioo, vya Bikajon kushoto. Yeye anaisemesha miche yake. Nimemsikia kwa masikio yangu akiiambia ivumilie.

Jumapili, 10 Machi

Pilau ya kupandishwa cheo. Nyumbani kwangu. Sikualika mtu!

Baba mkwe, mzee Egamberdi, kachinja kondoo bila kuniuliza. Nimetoka asubuhi kunawa uso, nakuta sufuria kubwa la harusi liko motoni uani, karoti zimeshakatwa lundo zima, wanaume wa mtaa wamejaa juu ya vitanda vya uani vya kukalia wageni, wanakunywa chai ya kijani. Wakanikalisha mahali pa heshima, mbali kabisa na mlango. Ukikalishwa pale huwezi kutoroka bila kuruka magoti ya watu.

Mzee Egamberdi alikuwa msimamizi wa maji ya mashamba maisha yake yote, na mpaka leo anaongea kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mfereji. Akasimama, akatangaza kwamba mkwe wake sasa ni mkuu wa kuvu wa mkoa mzima. Mkoa! Nilitaka ardhi ipasuke.

Sapar akauliza kuvu ndio nini hasa, ni ule ukungu wa kwenye mkate? Nikaeleza. Nilieleza vizuri, nikatumia mpaka vibakuli vya chai kuonyesha seli. Mzee akanisikiliza amekunja uso, kisha akataka kuhakikisha kama ameelewa. Yaani mgeni anabisha kwako, wewe unatoboa nyumba ili apite, unahamisha kitanda chako, unamfunika shuka, halafu unamlisha sukari na mafuta? Nikasema ndiyo, lakini analeta fosfori. Akasema hata mjomba wake Intizor aliyekaa kwake majira mawili ya baridi alikuwa analeta vitunguu. Watu walicheka mpaka chai ikamwagika.

Baadaye akanishika bega, akashusha sauti, yaani akasikika mpaka nyumba ya tatu tu. Mwanangu, mmea unaoombaomba ni mmea wenye njaa. Ulishe vizuri uone kama hautasimama wenyewe. Ghalani kwake kuna mfuko wa mbolea ya fosfeti uliobaki enzi za pamba ya serikali, haujafunguliwa mpaka leo.

Wazo hilo! Nimelitazama kutoka kila upande. Mmea ulioshiba una mizizi minene. Mizizi minene ina seli nyingi. Seli nyingi ni vyumba vingi, na vyumba vingi ni wageni wengi. Hakuna pa kulipinga. Bikajon hana mbolea, wala hana baba mkwe.

Ijumaa, 15 Machi

Nimeweka mbolea. Kijiko kimoja kila chungu, halafu kingine cha bahati. Nimesubiri Bikajon aende kula. Si kwamba naficha. Masharti hayakukataza mbolea, hayakuitaja kabisa, na Profesa ni mtu makini, angetaka kukataza angekataza.

Je, moyo ulinisuta? Kidogo. Kuna jambo fulani kuhusu fosfeti na kuvu nimewahi kulisikia mahali. Sikumbuki wapi.

Alhamisi, 21 Machi

Navruz, mwaka mpya wetu wa majira ya kuchipua. Jua limetoka, wanawake wa mtaa wamezunguka sufuria la uji wa ngano iliyochipua, wanaimba na kukoroga. Nikapewa mwiko. Kila anayekoroga huomba jambo moja. Mimi niliomba mawili, moja langu na moja la kumpunguzia Bikajon.

Ombi limejibiwa palepale! Mchana nimewapeleka mzee Egamberdi na Sapar kuona vyungu vyangu. Majani yamekuwa mapana, yanang'aa, shina limesimama imara. Sapar alipiga mluzi. Mzee akayagusa kwa kidole kama anavyogusa shavu la mjukuu wake, akaniambia sasa nimekuwa mkulima.

Bikajon alikuwepo, sikukuu nzima, na viatu vyake vya mpira, anamwagilia kwa kikombe. Miche yake! Mifupi, imepauka, ya kutia huruma. Mzee akamuuliza, kwa sauti yake ileile, binti yangu, hii ya kwako inaumwa? Akacheka. Akasema hapana baba, ina njaa kidogo, ndivyo inavyotakiwa. Mzee alinitazama. Nikainua mabega. Tukatoka nje ndipo tukacheka, maana sisi ni watu wenye adabu.

Profesa Atajan alipita vilevile. Akatazama majani yangu muda mrefu, akasema "Mm." Ndiyo yote. Lakini ilikuwa "mm" yenye uzito.

Ijumaa, 29 Machi

Nisaidie Mola wangu.

Leo nimekaa peke yangu na hadubini. Nilitaka tu kujifurahisha, nione wageni wangu walivyojazana. Nimekata mzizi, nimeuchemsha kwenye magadi makali mpaka ukawa mweupe wa kuonekana ndani, nikautia kwenye wino na siki. Ndivyo tufanyavyo. Wino wa kalamu ya kawaida, siki ya jikoni kwa Intizor. Kuvu hushika wino, mzizi haushiki, na unachokiona cha buluu ndani ya seli ndicho kuvu.

Hakuna buluu. Nimefuta lenzi. Nimefuta miwani. Nimefuta lenzi tena. Seli tupu, safi, nzuri, zimepangana mwanzo mpaka mwisho, na hakuna mgeni hata mmoja!

Na ndipo nilipokumbuka yale ya fosfeti niliyasikia wapi. Niliyasikia kinywani mwangu. Kila Novemba! Ubaoni, kwa chaki nyekundu, na mstari chini yake: mmea wenye njaa hutoa harufu udongoni kuwaita kuvu, na mmea ulioshiba fosfori huacha kuita na kufunga mlango. Nimewahi kumfelisha mtoto wa watu kwa kulikosea swali hilo. Alilia. Nilimwambia asome kwa kuelewa.

Nikapita upande wa Bikajon. Nikanyofoa kamzizi kamoja tu, hata hakaonekani. Nikakatia wino. Nikatazama.

Sitaandika nilichokiona. Nilipomaliza nilikaa chini sakafuni.

Jumanne, 2 Aprili

Nimemweleza mzee Egamberdi. Sikumweleza yote, nimemwambia tu udongo umezidiwa na mbolea. Akanishangaa. Umezidiwa? Sasa si uoshe?

Si uoshe! Mimi ni mtoto wa Khorezm gani? Kwetu kila mwisho wa baridi mashamba yote hufurikishwa maji, yanasimama kama maziwa, chumvi ya udongoni inayeyuka na kwenda zake mferejini. Babu yangu aliosha, baba yangu aliosha, mzee Egamberdi ameosha nusu ya wilaya. Udongo ukikosea lolote, unaupa maji. Na mbolea ni nini kama si chumvi yenye elimu?

Mzee kaja mwenyewe kusimamia, amevaa kofia yake ya manyoya ya kondoo. Tumeziba matundu ya chini ya vyungu kwa udongo wa mfinyanzi, tumejaza maji mpaka ukingoni. Yasimame, kasema. Kesho nifungue, nijaze tena. Wiki nzima. Aliimba wakati wa kazi. Muda mrefu sijamwona na furaha hivyo, na kwa kweli hata mimi nilifurahi.

Jumatatu, 8 Aprili

Majani yamekuwa ya manjano. Yameinama.

Bikajon kanikuta na ndoo. Akatazama vyungu, akatazama ndoo, akavuta pumzi. Kaka Matnazar, unaosha fosfeti? Nikasema namwagilia. Akasema kwa sauti ya chini kwamba fosfeti si chumvi, yenyewe inang'ang'ania udongo, haitoki na maji. Kinachotoka ni hewa. Mizizi inazama humo ndani, na kuvu nao wanakosa pumzi. Hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu.

Kisha akarudia lile lake la siku ya kwanza! Bado hatujachelewa. Chukua nusu ya vyungu vyangu, tumwonyeshe Profesa mizizi yangu pamoja na michoro yako. Mimi siwezi kuchora hata kikombe, na kitu hiki watu hawakielewi mpaka wachorewe. Tuseme ni kazi yetu wawili.

Nilisimama pale na ndoo yangu. Nakiri, kwa kitambo nilitaka kusema ndiyo. Lakini nikamfikiria mzee Egamberdi amesimama mbele ya wanaume wote wale. Hakusema mkwe wake ni nusu mkuu. Nikamjibu kwamba mimi sichukui vya watu. Akaniangalia, akachukua kikombe chake, akarudi kwa miche yake.

Mwanamke mjanja sana yule. Karibu aninase.

Ijumaa, 12 Aprili

Chuo kizima kinauliza harufu inatoka wapi.

Mizizi imekuwa ya kahawia na laini. Nimeokoa michache iliyo hai nusu. Intizor kaniuliza kwa nini sili. Kasema Baba Oygul, hata wakikunyima hicho cheo, tutakula tu. Nikamwambia mkuu hanyimwi. Akasema tanuri nalo ni kazi, kaka yake si mtu mbaya. Nikaacha chakula, nikatoka nje kutazama ukuta.

Na ukutani nikapata jibu. Profesa atatafuta nini? Buluu. Nani alisema buluu lazima iwe kuvu? Mzizi haushiki wino kwa sababu tunauosha baadaye kwa siki na maji. Je, usipooshwa? Ukilazwa kwenye wino tangu leo mpaka Jumanne? Ukilazwa kwenye wino mzito?

Loo, Matnazar! Kumbe akili ipo, ilikuwa inasubiri kubanwa.

Jumanne, 16 Aprili

Naandika taratibu, vidole bado ni vya buluu.

Walikuwepo Profesa, Bikajon, walimu wa idara, na wanafunzi wamesimama mlangoni. Nilianza mimi. Profesa akainama kwenye hadubini. Akainuka. Akainama tena. Akasogeza kioo kushoto, akasogeza kulia. Akaniuliza kwa upole kama nina hakika huu ni mzizi. Nikasema kabisa, Profesa, na kama aonavyo, umejaa. Akasema naam, umejaa. Kuta zimejaa, mishipa imejaa, hata uchafu wa kwenye kioo umekaribisha kuvu. Miaka yake yote ameona mizizi yenye wageni, ila hajawahi kuona mzizi uliovaa sare. Walimu waliangua kicheko. Mlangoni nako walicheka, na aliyecheka zaidi ya wote ni yule niliyemfelisha.

Uso ulinishuka. Nilitamani niingie ndani ya chungu.

Ikaja zamu ya Bikajon. Profesa alitazama, kisha akatuita mmoja mmoja tuone. Nami nikaitwa. Nikainama.

Nitaandika sasa nilichokataa kukiandika siku ile. Kila seli ilikuwa na mti wake. Midogo, ya buluu, matawi yamegawanyika na kugawanyika tena mpaka yanakuwa kama pumzi kwenye kioo, na kila mti umelala ndani ya seli yake hai, haukupasua kitu. Miche ile myembamba iliyopauka ilikuwa imebomoa na kujenga upya kila chumba chake ili wageni wakae. Nimeichora miti hiyo zaidi ya nusu ya maisha yangu ya kazi, na sikuwahi kuipata vizuri hivyo. Machozi yalinitoka. Nikasema ni siki.

Chumba ni cha Bikajon.

Alhamisi, 18 Aprili

Siku ya kuumbuka. Nilijua itakuja, sikujua itakuja na mikate.

Mzee Egamberdi, Sapar, na wazee wengine wa mtaa wametokea chuoni wamebeba mikate mikubwa na vipande vya matikiti vilivyokaushwa na kusukwa, kumpongeza mkuu ofisini kwake. Niliwaona dirishani. Nikajificha nyuma ya kabati la chupa. Nikasikia sauti ya mzee ikija ujiani, iko wapi ofisi ya mkwe wangu, mkuu wa kuvu? Kisha mlango wa chumba kipya ukafunguliwa, na Bikajon akawakaribisha ndani.

Nikasema basi. Imekwisha. Kesho tanuri.

Akaja kuniita yeye mwenyewe, nyuma ya kabati. Akanong'ona, njoo kaka, chai inapoa. Ndani alinikalisha mahali pa heshima, mbali na mlango, akawamiminia wazee chai, kwa vibakuli vya kweli safari hii. Mzee akamuuliza na wewe binti unafanya nini humu? Bikajon akajibu kwamba yeye ni wa vyungu. Akasema kaka Matnazar ndiye atakayekifanya chumba hiki kijulikane, maana bila michoro yake hakuna mkulima atakayeamini kwamba jambo hili lipo. Na hakusema uongo hata neno moja, nimeyapitia maneno yake mara nyingi tangu mchana. Wazee waliitikia kwa vichwa. Mzee alijifuta macho kwa kofia yake.

Walipoondoka ndipo nikajua mengine. Alikuwa ameshakwenda kwa Profesa. Amekubali ukuu kwa sharti moja, kwamba mkataba wangu uongezwe, niwe mchoraji na msaidizi wa chumba. Profesa alikataa, akakataa tena, kisha akasema "Mm."

Nilitaka kumwambia asante. Niliianza kabisa. Lakini nikajiuliza, kwa nini mtu ambaye ameshinda anihangaikie hivyo? Jibu liko wazi. Hajiamini. Anajua peke yake hatakiweza chumba, na anajua nani wa kuegemea. Nikamwambia asijali, nitamshika mkono.

Jumatatu, 29 Aprili

Bikajon kaenda kwao mashambani, dada yake anaolewa. Wiki nzima! Kaniachia ufunguo. Kabla ya kupanda gari kanionyesha vyungu mama vilivyo kwenye rafu ya dirishani, vile vya Profesa, ambavyo ndani ya udongo wake ndimo kuvu wetu wote wanatoka na havina nakala popote. Kasema kazi yangu ni moja tu, kutogusa kitu. Maji kidogo, basi. Kaka Matnazar, nakuamini, kasema, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeamini kweli.

Kutogusa kitu! Hiyo ni kazi ya bawabu. Mimi nataka akirudi afungue mlango ashike kinywa, na Profesa ajue ni nani aliyestahili chumba hiki tangu mwanzo. Nimekikagua. Ni kichafu. Pembe ya dari ina ukungu mweusi, fremu za madirisha zina ukungu, rafu zinanuka ukungu, na vyungu mama vyenyewe kwa nje vina utelezi wa kijani. Mkuu gani anakubali hali hii?

Mzee Egamberdi hakusita. Mrututu! Ule unga wa buluu ambao kila majira ya kuchipua tunauchanganya na chokaa kupaka mashina ya miti, na mwaka mzima ukungu haukaribii mti. Amenipa ndoo nzima na bomba la kunyunyizia. Nilijiuliza kama dawa inaweza kuwadhuru kuvu wetu, maana mimi si mtu wa kukurupuka. Lakini ule wa darini ni ukungu mbaya, na hawa ni kuvu wazuri, wenye elimu, wanaojulikana chuo kizima. Dawa yenye nguvu hivi itajua tofauti.

Nimeanza asubuhi na kumaliza alasiri. Dari, kuta, madirisha, rafu. Vyungu mama nimevinyunyizia kwa nje na kwa ndani, na udongo wake nimeumwagilia mpaka dawa ikatokea chini, ili kazi isiwe ya juujuu. Chumba kinang'aa. Hakina harufu yoyote. Mgongo unaniuma, lakini nina furaha ambayo sijaipata tangu mwezi Machi.

Bikajon anarudi Jumapili. Atatafuta kila pembe, na hatakuta humo hata chembe moja ya kuvu.